Kigoda Kilichobinuliwa

Tangu Jumapili roho yangu ilikuwa juu juu. Nikikaa, kiti kinanichoma. Nikisimama, miguu inanipeleka mlangoni, na nikifika mlangoni nakumbuka sina ninakokwenda, narudi. Katika duka langu la vitu vya kale hakuna kitu kilichobaki mahali pake. Miiko ya mbao iliyokuwa imetulia ukutani miaka nenda rudi niliishusha yote, nikaipanga upya kwa urefu, nikaichukia, nikaipanga kwa rangi, nikaichukia zaidi. Vitambaa vya meza vilivyodariziwa na mabibi ambao hakuna anayewakumbuka tena nilivikunja na kuvikunjua, mpaka jirani yangu muuza viatu akachungulia akauliza kama ninahama.

"Sihami," nikamjibu.

"Basi umekosana na Mpole."

"Nani kakwambia?"

"Bango la kinyozi," akasema, akaenda zake.

Nikageuka kulitazama. Lilikuwa bango la zamani, kazi ya mkono, vichwa vinne vya wanaume walionyolewa mitindo ambayo babu zetu waliionea fahari. Nilikuwa nimelitundika kichwa chini, na wale wanaume wanne walikuwa wananing'inia kama popo. Nikaliacha hivyo hivyo. Kuna siku ambazo hata bango linaruhusiwa kuwa na hali yake.

Mpole si jina lake, lakini hata mama yake humwita hivyo. Ni fundi miwani, kibanda chake kiko mtaa wa pili. Tulijuana nilipompelekea lenzi iliyochubuka, ile ninayotumia kukagulia mbao, nikamwomba aisugue. Alinitengenezea mpya. Aliponikabidhi alinitazama kupitia lenzi ile ile, jicho lake likawa kubwa kama sahani, akasema, "Sasa utaona vizuri." Nikacheka mpaka nikasahau kulipa, naye hakunikumbusha, na mambo yakaanzia hapo.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kupelekwa kwao. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kwenye mtihani. Mbele ya kioo nilifanya mazoezi ya kuinama, ya kusema shikamoo mama, shikamoo shangazi, ya kukaa ukingoni mwa kochi magoti yamebanana. Mpole alikuwa ameshanionya kuhusu shangazi yake, dada wa marehemu baba yake. "Usimjibu kitu," alisema. "Tabasamu tu, kama unapigwa picha."

Tukapiga hodi, tukaingia. Mama yake alikuwa amesimama katikati ya sebule, amevaa vizuri, mkono ameshaunyoosha. Na karibu na mguu wake, juu ya zulia, kulikuwa na kigoda.

Kigoda cha miguu mitatu, kimechongwa kutoka kwenye gogo moja, na ukingoni mwa sehemu ya kukalia kuna safu ya ndege wanaofuatana kuzunguka. Ndege mmoja amegeuza shingo, anatazama nyuma.

Mtu wa kazi yangu hakitambui kitu kwa kukitazama usoni. Usoni kila kitu kinadanganya. Unakibinua, kwa sababu chini ndiko ambako hakuna aliyejisumbua kupamba. Sijui nifanye nini na mazoea haya. Mikono yangu huwa inatangulia, akili inafuata na viatu mkononi. Niliinama. Mama akadhani nainama kumwamkia, akaukaribisha mkono wake. Nikapita chini ya mkono ule, nikakishika kigoda, nikakigeuza miguu juu.

Juu yake kulikuwa na bilauri ya juisi ya shangazi.

"Mama yangu wee!" shangazi akaruka. "Huyu kaja kujitambulisha au kaja kununua?"

Zulia lilikuwa linakunywa juisi, Mpole ameduwaa, na mimi, Mungu anirehemu, nilikuwa nimeshatoa lenzi kwenye mkoba.

Mama hakupiga kelele. Alinitazama usoni, akatazama ule upande wa chini ya kigoda, akanitazama tena. Kisha akakichukua mikononi mwangu taratibu, akakiweka chini, akakikalia pale pale kwenye majimaji na gauni lake zuri, na hakunyanyuka mpaka nilipoondoka. Nilimwamkia akiwa amekaa hapo. Aliitikia huku akitazama ukuta.

"Hicho ni kigoda cha mama yangu mzazi," shangazi aliniambia kwa kila aina ya sauti aliyojaliwa. "Hakijawahi kutoka nyumba hii. Wamekuja wanunuzi na magari yao, wamerudi mikono mitupu."

Nilitabasamu kama ninapigwa picha. Ningesema nini? Kigoda cha mama yake mzazi kilikuwa kwangu.

Kilikuwa chumbani, nyuma ya pazia la duka, kando ya kitanda changu. Nilikipata zamani kwenye mnada, mtu wa biashara hii alipofunga duka lake, na ndicho kitu pekee ambacho sijawahi kukibandika bei. Sehemu yake ya kukalia imelainika kwa kukaliwa na watu ambao sasa ni mifupa. Chini yake kuna doa jeusi la moto, mtu alikisogeza mno karibu na jiko. Ndege ni wale wale, na yule aliyegeuza shingo ni yule yule. Kile cha kwao chini kilikuwa kisafi, alama za patasi bado zina makali, rangi imepakwa kwa maji ya majani ya chai. Kazi ya mtu hodari, lakini kazi ya juzi tu. Hata ndege hawakulingana sawasawa. Nilidhani mchongaji alikosea.

Kwa hiyo mtu fulani katika nyumba ile alikuwa na siri, na mimi niliibinua mbele ya watu.

*

Jumatano mchana Mpole akaingia dukani bila hodi. Alisimama katikati ya viti vyangu vya kamba, akavua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la shati. Anapokasirika hufanya hivyo, na bila miwani ana macho ya mtu aliyeamshwa usingizini, macho ambayo siku nyingine ningeyafuata popote.

"Hujala," akasema.

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Usinihoji, Mpole. Sema kilichokuleta."

Akavaa miwani. "Mama amesema Jumamosi hatakwenda kwa baba yako mdogo kupeleka posa. Wala hamruhusu mtu yeyote wa ukoo kwenda kwa niaba yake."

Nilijua litakuja, na bado lilinikata maini. Baba mdogo alikuwa ameshapaka rangi ukuta wa mbele kwa ajili ya wageni wale.

"Amesema kwa nini?"

"Amesema una macho ya mnunuzi. Kwamba ulipoingia hukumwona yeye, hukuniona mimi, uliona mali."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimekuja kuuliza." Akasogea. Mikono yake ilikuwa na harufu ya ule unga wa kusugulia vioo, harufu ambayo nikiisikia hata sokoni hugeuka. "Uliona nini chini ya kigoda?"

"Mbao."

"Usinifanyie mzaha."

"Niliona mbao, Mpole. Kigoda ni cha mbao."

"Mama tangu siku hiyo halali. Anatembea tembea usiku kucha. Nikimuuliza, ananiambia niulize uliona nini. Nikikuuliza wewe, unaniambia mbao. Mimi ni mtoto?"

Nilichukua mwiko mmoja ukutani nikauweka mezani, nikauchukua tena. Mama yake alikuwa amemtuma aje kupima kama nimesema. Mpole hakulijua hilo. Yeye alidhani anauliza kwa niaba yake mwenyewe.

"Nisikilize," nikasema. "Siku ile nilimkosea adabu mama yako. Nitakuja kupiga magoti kwenye zulia lile lile. Lakini lingine usiniulize."

"Kwa hiyo kuna lingine."

Nina mdomo mwepesi wa kila kitu isipokuwa pale unapotakiwa.

"Shangazi naye ameshapanga," akaendelea. "Anasema kama kigoda kina thamani ya kumfanya msichana amruke mkwe wake, basi kitakwenda kwake, ni cha mama yake. Ijumaa anamleta mtu wa kukikagua."

"Mtu gani?"

Nilisema haraka mno. Aliona. Kazi yake ni macho.

"Umeshtuka," akasema polepole. "Unaogopa mwingine atakiwahi kabla yako."

"Hapana!"

"Basi unaogopa nini?"

Nikamgeuzia mgongo kwa sababu uso wangu haujui kufunga mlango. Nyuma yangu nilimsikia akivuta pumzi.

"Lenzi ile niliisugua kwa mikono yangu," akasema. "Nilitaka uone vizuri. Sikujua utakuwa unaona peke yako."

Heri angetukana. Nilimgeukia nikamkuta amefika karibu, karibu kiasi cha kuhesabiana kope, na kwa muda ule nilitaka kusema yote: njoo nyuma ya pazia, tazama, mama yako amekuwa akikalia uongo na mimi sijui ni uongo wa nani. Ningesafika mbele yake palepale. Na jioni angerudi nyumbani akamtazama mama yake kwa jicho jingine, na kila mara mama yule atakapomwita mwanangu, ataona jicho lile. Hilo sikuweza kulifanya. Nampenda mwanamume huyu, na sehemu nzuri kuliko zote alizonazo imetoka kwa mama yule.

"Sema neno moja tu," aliniomba, sauti imeshuka. "Nitasimama upande wako mbele ya mama, mbele ya shangazi, mbele ya yeyote. Neno moja."

"Nakupenda," nikasema.

"Siyo hilo."

"Ndilo nililonalo."

Alitikisa kichwa, macho yakahamia nyuma yangu. "Na nyuma ya pazia lile kuna nini? Tangu nimeingia umesimama mbele yake kama askari."

"Kitanda changu."

Akaona haya mpaka masikioni. Hata katika ugomvi, Mpole ni Mpole. Alikuwa bado anatafuta pa kuweka macho tuliposikia hodi.

*

Mama yake alikuwa mlangoni, amebeba mzigo uliofungwa kwa shuka. Alikuwa amevaa ndala za ndani, kama mtu aliyetoka nyumbani kabla hajaamua kutoka.

"Shikamoo mama," nikasema. Safari hii niliwahi.

"Marahaba." Akamtazama mwanawe. "Na wewe uko huku. Si ulisema unakwenda kazini?"

"Nilipitia, mama."

"Basi pita tena. Toka nje."

"Mama, kama ni suala la..."

"Toka nje, baba. Nikikuhitaji nitakuita."

Akatoka. Kupitia dirishani tulimwona amesimama kwenye baraza la muuza viatu, na muuza viatu, ambaye hajawahi kupoteza nafasi, akamkalisha na kuanza kumjaribisha raba.

Mama aliweka mzigo juu ya meza yangu. Alifungua mafundo ya shuka moja baada ya jingine, na kigoda kikatokea, kikanuka juisi kidogo. Nilimsogezea kiti. Hakukaa. Sasa tulikuwa wanawake wawili tusioweza kukaa.

"Uliona," akasema.

"Niliona, mama."

"Umemwambia?"

"Hapana."

"Amekuuliza?"

"Ameniuliza mpaka amechoka."

Akanitazama kwa mara ya kwanza bila ukuta katikati yetu. "Kwa nini hukusema? Ungejitetea."

"Si langu la kusema."

Alikaa. Ni kama niliyatoa yale maneno chini ya miguu yake, akakosa pa kusimama.

"Mimi ndiye niliyekiuza," akasema. "Huyo unayemwona anajaribu viatu alikuwa mchanga, kifua kimembana, anapumua kama paka. Baba yake yuko safarini kikazi, mama mkwe amekwenda kwa binti yake, huyo huyo shangazi unayemjua. Nyumbani niko peke yangu. Akapita mtu wa kununua vitu vya zamani. Nikamwonyesha sufuria, nikamwonyesha kitanda changu. Akasema nataka kile. Sikufikiri mara mbili. Jioni mtoto alikuwa amepata dawa, anapumua. Usiku ndipo nilipoona ile nafasi tupu kwenye sakafu."

"Mume wako ulimwambia?"

"Nilimwambia aliporudi, kabla hajavua viatu. Hakusema neno. Wala kunigombeza, wala kuniambia yamekwisha. Alikuwa seremala, mwenye mkono hasa. Akaleta gogo, akajifungia stoo. Mama yake aliporudi akakuta kigoda mahali pake, akakikalia mpaka Mungu alipomchukua. Hakujua kamwe. Na mume wangu akafariki bila kulitaja tena." Alipitisha kiganja juu ya kigoda. "Alinifunika mbele za watu, hilo najua. Lakini moyoni mwake nilikuwa wapi? Miaka yote hii ninakifuta vumbi, ninajiuliza. Kuna siku ninaona alinisamehe. Kuna siku ninaona alichonga kwa hasira na akafa nayo."

Nje raba ya kwanza ilikuwa imembana Mpole. Alikuwa anaruka kwa mguu mmoja huku macho yako dirishani kwetu.

"Sasa sikiliza," mama akasema, sauti ikabadilika, ikawa ya mtu anayepanga mambo. "Shangazi yake Ijumaa anamleta mkaguzi. Ikijulikana, mimi mbele ya ukoo ule nimekwisha. Na mwanangu atajua mama yake alimwibia bibi yake. Lakini wewe ni mtu wa kazi hii, wanakuheshimu. Ukisema ni chenyewe, hakuna atakayemwita mwingine. Sema ni chenyewe, na Jumamosi nitakwenda kwa baba yako mdogo kwa miguu yangu, nikipiga vigelegele."

Nilitembea mpaka kwenye bango la kinyozi nikarudi. Nilitembea mpaka mlangoni nikarudi. Kila nilichokitaka duniani kilikuwa ndani ya sentensi moja, na sentensi yenyewe fupi. Lakini duka hili lote, kila mwiko na kila kitambaa, limesimama juu ya jambo moja: nikisema kitu ni cha kale, ni cha kale. Na huyu mwanamume ninayemtaka, ningeingia kwao kwa uongo nikae miaka arobaini ninaukalia, kama mama yake.

"Siwezi, mama," nikasema, na machozi yakanitoka kwa sababu nilikuwa najisikia nikivunja ndoa yangu kwa mdomo wangu. "Kunyamaza naweza. Nitanyamaza mpaka kaburini. Kusema hivyo siwezi."

"Kunyamaza hakutanisaidia Ijumaa."

"Najua. Ngoja."

Nikafungua pazia. Nikakitoa kigoda changu kando ya kitanda, kile nisichokiuza, kile ninachokigusa asubuhi kabla sijagusa viatu. Nikakiweka mezani kando ya chake.

Mama alifunika mdomo.

"Chukua hiki," nikamwambia. "Ndicho chenyewe. Mpe shangazi, amlete mkaguzi yeyote amtakaye. Hutasema uongo, na mimi sitasema. Hicho kingine niachie mimi, au kitie jikoni, upendavyo."

"Ulikuwa nacho? Siku zote?"

"Tangu kabla sijamjua Mpole. Ndiyo maana nilishtuka, mama. Siyo tamaa. Nilidhani kigoda changu kimenitangulia kwenu."

Kitu kama kicheko kilimponyoka. Alikizunguka kile cha kale, akakibinua, akaliona doa la moto. "Hili ni lake," akasema. "Mama mkwe alikuwa anapenda joto." Akakiinua tena, kidole kikapita ukingoni, ndege kwa ndege. Kikafika kwa yule aliyegeuza shingo, kikasimama.

"Mbona huyu anatazama nyuma peke yake?"

"Ndivyo alivyo, mama."

"Hapana. Mwenzake wa nyuma humtazama. Ameinua kichwa, wanatazamana. Kila siku nawafuta hawa, nawajua."

"Hao ni wa kwenye hicho chako," nikasema. Jumapili nilidhani mchongaji alikosea. "Hukuwahi kukitazama hiki cha kwanza?"

"Nilikuwa nakikalia, sikuwa nakitazama. Nani alikuwa na nafasi?"

Nikampa lenzi. Akaisogeza kwenye kigoda kile, kisha kwenye hiki, kisha kwenye kile tena. Katika cha kale ndege wote wamelaza vichwa wanaendelea na safari yao, na yule mmoja ametazama nyuma na hakuna anayemjali. Katika kile cha mumewe, wa nyuma yake ameinua kichwa. Midomo yao inakaribia kugusana. Na ni hao wawili tu ambao patasi ilikuwa imerudi kwao mara nyingi, unyoya kwa unyoya, mpaka wakawa laini kuliko wenzao.

"Alikosea?" mama akaniuliza. Aliuliza kwa sauti ndogo sana, kama anaogopa jibu. "Wewe ndiye unayejua. Niambie. Alisahau walivyokuwa, akakosea?"

Hapa sikuhitaji kubuni kitu. "Mtu aliyemdanganya mama yake mzazi kwa kigoda hakusahau hata unyoya mmoja, mama. Aliwachonga hao akiwa anajua anachokifanya."

Aliinamia kigoda akalia. Hakulia kama mtu mwenye huzuni. Alilia kama mtu aliyetua mzigo alioubeba kutoka mbali, na sasa ndipo mabega yanakumbuka kuuma. Nilikaa chini kwenye sakafu, karibu na ndala zake. Niligundua baadaye kwamba nilikuwa nimekaa, na kwamba sikuwa na hamu ya kusimama.

"Mjinga yule," mama akawa anasema huku anafuta machozi kwa shuka. "Si angesema tu! Angesema kwa mdomo! Mimi nafuta vumbi, nafuta vumbi..."

Kisha akanyanyuka, akajiweka sawa, akaenda mlangoni.

"Mpole! Vua hivyo viatu uje."

Akaja na soksi, uso wa mtu anayeitwa kusomewa hukumu. Mama hakumzungusha. Alimwambia yote akiwa amesimama, kifua na dawa na mnunuzi na stoo, na alipofika kwa ndege akamshika kidole kama mtoto wa chekechea, akakipitisha kwenye kigoda kimoja na kingine. Mpole alivua miwani. Safari hii hakuifuta, aliishika tu.

"Bibi yako nilimwibia," mama akamaliza. "Sasa unajua."

"Ningekuwa nimekufa, mama," Mpole akasema. Akamkumbatia, na kidevu chake kikawa juu ya kichwa cha mama yake, na macho yake yasiyo na miwani yakanitafuta mimi, chini pale nilipokaa. Sijui alikuwa ananiona vizuri kiasi gani. Mimi nilimwona.

"Ulikuwa unajua," akaniambia.

"Nilijua si cha zamani. Mengine yote sikujua."

"Ungeniacha niondoke?"

"Ungeondoka?"

"Ningefika kwa muuza viatu," akakiri, "nikarudi."

Mama alikuwa ameshaanza kufunga shuka lake. Nikasimama, nikamsogezea kile cha kale. "Mama, umesahau. Hiki ndicho cha Ijumaa."

Akakirudisha kwangu kwa viganja vyote viwili. "Hicho ni cha mama mkwe wangu, na wewe umekinunua kihalali. Wifi yangu akitaka kukikalia, aje hapa dukani, apige hodi, akukute. Nitamwambia yote mwenyewe leo hii. Na huyo mkaguzi wake mwache aje, nitamwonyesha mahali pa kukagua." Akakaza fundo la mwisho, akakikumbatia kigoda cha mumewe kifuani. "Hiki ndicho changu. Hiki sikiachii hata kwa nyumba."

"Na Jumamosi, mama?" Mpole akauliza. Aliuliza yeye, lakini mimi ndiye niliyeacha kupumua.

"Jumamosi tunakwenda kwa baba yake mdogo, kama tulivyosema. Wewe hujasikia?" Akafika mlangoni, akasimama, akalitazama bango la kinyozi na wale wanaume wanne wananing'inia. Akaligeuza, akalinyoosha. Kisha akanigeukia, macho bado mekundu, midomo inapigana na tabasamu.

"Na Jumapili uje nyumbani," akasema. "Ila wewe msichana, ukifika, salimia kwanza. Ukishasalimia, ndipo ukibinue."